Kwa Nini Wapiganaji wa Nyelu Huitwa Makapi

Mkipita katika milima ya Nyelu mkamsikia mtu akimwita mwenzake kapi, msikimbilie kuamua ugomvi. Hapana tusi lililotoka. Mtazameni usoni yule aliyeitwa, mtaona amenyoosha mgongo kama mgeni aliyetandikiwa mkeka mpya. Kwingine kote kapi ni ganda la nafaka, kitu cha kupulizwa na upepo na kusahaulika. Huku Nyelu ni jina la mpiganaji, na si kila mtu hulipata. Sikilizeni basi lilivyopatikana, maana jina hili halikushuka na mvua.

Hapo kale Wanyelu walikuwa na nyumba moja tu ya wapiganaji, nayo iliitwa Nyumba ya Ngao, na wapiganaji wake waliitwa Ngao. Wasichana na wavulana waliingia kwa kipimo kimoja, kwa sababu watu wa milimani walikuwa wachache na maadui wa bondeni walikuwa wengi. Kila mwaka, mavuno yakiisha, vijana walipangwa mstari mbele ya Mwene, yaani mtawala wao. Walishika ngao kwa mkono wa kushoto na mkuki kwa mkono wa kulia, bega kwa bega, ngao ikigusa ngao mpaka hata panya asipate pa kupenya. Ukuta ule ndio uliokuwa fahari ya Nyelu. Aliyekuwa mfupi mno aliushusha. Aliyechechemea aliupinda. Hao waliondolewa mstarini mmoja mmoja, na mkuu wa Ngao aliwaambia neno moja tu: "Kapi!" Maana yake, ungo umekupepeta na kukutoa.

Makapi hawakufukuzwa nchini. Walipelekwa juu kwenye Kilele cha Upepo, mahali pa kupuria na kupepeta ulezi wa nchi nzima. Huko kilisimama kihenge kikubwa cha mbegu, kwa kuwa palikuwa pakavu na wadudu hawakupapenda. Makapi walipura, wakapepeta, wakailinda mbegu dhidi ya panya. Walikula vizuri na kulala vizuri. Lakini walipoteremka kijijini watoto waliwapulizia kwa midomo, fuu, fuu, kisha wakakimbia wakicheka.

Mwaka mmoja alisimama mstarini msichana aliyeitwa Subilaga. Alikuwa mrefu, mwenye mbio, na macho yake hayakupepesa mkuki ulipoelekezwa kwake. Tena alikuwa mtoto wa Kasambala, na huyo Kasambala ndiye aliyekuwa mkuu wa Ngao. Watu walishaanza kumpongeza mama yake. Lakini Subilaga alikuwa wa mkono wa kushoto. Tangu utotoni alikula, alilima na kurusha mawe kwa mkono huo. Akashika mkuki kwa kushoto na ngao kwa kulia, na pale alipokuwa amesimama ukuta ukafunuka kama mdomo uliong'oka jino.

Kasambala alimfikia akasimama. Alizitazama zile ngao mbili zilizopishana, na pengo lililobaki kati yake.

"Badilisha mkono," alimwambia kwa sauti ya chini.

Subilaga akabadilisha. Mkuki ukamlegea kama mwiko kwa mtoto. Aliyesimama kando yake akausukuma kwa kidole, ukaanguka.

Kasambala alikuwa mtu wa haki, na haki yake haikujua jamaa. Mbele ya watu wote alimwita binti yake kapi. Subilaga alipanda Kilele cha Upepo siku ileile, hakugeuka nyuma, na moyoni alibeba jambo moja: baba yake hakulitamka neno lile kwa hasira wala kwa huzuni. Alilitamka kama anavyolitamka kwa kila mtu.

Huko kileleni alipokewa na Lwinga. Lwinga alikuwa mtu mzima, mfupi kiasi kwamba ukimwona kwa mbali ungedhani amekaa, na ulimi wake ulikuwa na ncha kuliko mkuki wowote wa Nyelu.

"Karibu, binti mkubwa," alimwambia. "Mimi walinikataa kwa ufupi, wewe kwa mkono. Ukiniinua begani kwako tutakuwa mtu mmoja kamili."

Subilaga hakutaka kucheka, lakini alicheka. Akapewa ungo.

Sasa ijulikane kwamba Wanyelu waliamrishwa kwa baragumu. Mlio mrefu uliwaita Ngao. Mlio wa kukatika-katika uliwaambia akina mama wachukue watoto wakimbilie mapangoni. Mlio wa kutetemeka uliwaambia wazee waondoe ng'ombe. Kila mtu alikuwa na mlio wake. Makapi tu ndio hawakuwa nao. Hakuna aliyewanyima kwa ubaya. Ni kwamba hakuna aliyewahi kufikiri watahitajika mahali.

Mwaka wa pili wa Subilaga kileleni, nzige waliteremkia ng'ambo ya mto wakala ulezi wa majirani, wakala na majani. Watu wale, ambao Wanyelu waliwaita Wang'ambo, walibaki bila mbegu. Na mtu asiye na mbegu haogopi mkuki. Wakaamua kuichukua mbegu ya Nyelu. Waliwatuma wachache wawashe nyasi mbichi kwenye kivuko cha mashariki, ili moshi mwingi upae. Jeshi lenyewe likazunguka magharibi, likafuata njia nyembamba iliyopanda moja kwa moja hadi Kilele cha Upepo. Njia ile ilibanwa na mwamba huku na huku, na watu waliiita Koo.

Asubuhi moshi ulionekana. Baragumu likalia mlio mrefu, na Ngao wote wakashuka mashariki, Kasambala akiwa mbele. Jua lilipofika utosini ndipo mchunga mbuzi mmoja alipoona mikuki ikimeta magharibi. Baragumu likalia mlio wa kukatika-katika, kisha wa kutetemeka. Kijiji kikamiminika kuelekea mapangoni, watoto migongoni, ng'ombe wakisukumana.

Juu kileleni makapi walisimama, kila mmoja na ungo wake, wakitega masikio.

"Mnasikiliza nini?" Lwinga akauliza. "Pembe la kutengenezea baragumu letu bado liko kichwani kwa ng'ombe, na ng'ombe mwenyewe ameshakimbia."

"Twendeni mapangoni," akasema mmoja. "Hakuna atakayetufukuza."

"Na kihenge?" Subilaga akauliza.

"Kihenge hakina miguu, dada. Sisi tunayo."

Subilaga akakitazama kile kihenge. Mle ndani mlikuwa na shamba la kila mama wa Nyelu kabla halijalimwa, na uji wa kila mtoto kabla hajazaliwa. Wakikipoteza, Wanyelu wangemaliza chakula cha mwaka ule, kisha wangetawanyika kuomba kwenye nchi za watu, na jina lao lingeishia hapo. Alijua vilevile kwamba akikimbia hakuna atakayemlaumu. Nani humlaumu kapi kwa kupeperuka? Hilo ndilo lililomchoma kuliko mikuki yote iliyokuwa ikipanda.

"Hatukuitwa kupigana," alisema. "Lakini hata kukimbia hatukuitwa. Kwa hiyo leo, katika nchi hii yote, ni sisi tu tuliopewa ruhusa ya kuchagua. Mimi nabaki."

Kisha Lwinga akakohoa. "Na mimi nabaki. Kwa miguu hii, wakati nafika mapangoni vita itakuwa imeisha."

Wakacheka, na waliokwisha kucheka pamoja ni vigumu kuachana. Wakabaki wote.

Kwenye ukingo wa kilele, juu kabisa ya Koo, palikuwa na vilima vya makapi ya ulezi, yale ya mavuno ya miaka mingi, makavu na mepesi kama vumbi. Aliyewahi kupepeta ulezi anajua makapi yake yanavyowasha: yakiingia jichoni, huoni, yakiingia kohoni, husemi. Na kila alasiri, jua likiegemea, upepo wa Nyelu huvuka kilele na kuteremka Koo kama maji. Hilo alilijua kila mtu milimani, hata mtoto. Tatizo lilikuwa kwamba alasiri ilikuwa bado. Bendera ya jani la mgomba iliyosimikwa penye uwanja wa kupuria ilikuwa imelala kimya, na vichwa vya Wang'ambo vilikuwa vimeshaonekana kwenye kona ya chini.

"Lazima mtu awashike kwa maneno mpaka upepo uje," Subilaga akasema.

Makapi wote wakamtazama Lwinga.

"Ndiyo sababu Mungu alinipunguzia miguu," akasema Lwinga, "akaniongezea ulimi."

Wakashuka wawili. Subilaga alichukua ngao kuukuu waliyokuwa wakifunikia chungu cha pombe, na mkuki wa kufukuzia fisi. Wakasimama katikati ya Koo, pale ambapo watu watatu hawawezi kupita sambamba. Jeshi likasimama mbele yao. Aliyeliongoza alikuwa jitu lenye kovu shavuni.

"Ninyi ni nani?" akauliza. Lugha zao zilielewana, kama za watu waliooleana, ingawa si kila neno.

"Makapi," Lwinga akajibu, kifua mbele.

Wang'ambo wakatazamana. Wao ganda la ulezi waliliita kwa neno jingine kabisa. Neno makapi hawakuwa wamelisikia.

"Tunawajua Ngao. Makapi ni watu gani?"

"Hamjaambiwa?" Lwinga akashangaa kwa huruma. "Masikini! Na mmepanda kote huku na jasho lote hilo! Ngao ni wale tunaowatanguliza wakacheze na moshi. Makapi ndio wanaobaki nyumbani. Mnataka mbegu, sivyo? Pandeni basi. Lakini yule wa nyuma aliyevaa ngozi ya chui aivue kwanza, nisije nikamchoma shemeji yangu nikidhani ni chui mwenye njaa."

Mmoja wa Wang'ambo alicheka bila kutaka. Mwenye kovu hakucheka. "Mnatuchelewesha," alisema, na macho yake yakahamia kwa Subilaga. "Na huyu mbona ameshika mkuki kinyume?"

"Wewe ndiye uliyeshika kinyume," Subilaga akamjibu. "Njoo nikuonyeshe."

Mwenye kovu akaja. Alikuwa amepigana na watu wengi, na wote ngao zao zilikaa upande mmoja. Mkono wake ulikuwa umezoea njia moja ya kupita. Akachoma pale penye mwanya wa kawaida, akakuta ngao. Na mkuki wa Subilaga ukamjia kutoka upande ambao hapakuwahi kutoka mkuki. Alikwepa, akateleza, akawaangukia waliokuwa nyuma yake. Mwingine alirusha mkuki ukampata Lwinga pajani. Lwinga akaketi chini, akasema, "Haya, sasa hata nikisimama hamtaona tofauti."

Hapo ndipo Subilaga alipohisi nywele za kisogoni zikiinuka. Ulikuwa upepo, wala haikuwa hofu. Akamkumbatia Lwinga chini ya ngao, akapaza sauti mpaka mwamba ukaitikia:

"Pepeteni!"

Juu, makapi wakainua nyungo zao. Walipepeta kama ambavyo hawajawahi kupepeta. Kilima cha kwanza kikaondoka, cha pili kikafuata, na upepo ukavichukua vyote ukavimimina ndani ya Koo. Mchana uligeuka rangi ya majivu. Wang'ambo walifumba macho wakachelewa, wakafumbua midomo wakajuta. Walipiga chafya, wakajikuna, wakapigana vikumbo, waliokuwa mbele wakarudi juu ya waliokuwa nyuma. Hakuna anayeweza kupigana na hewa. Waliteremka Koo kwa makalio na kwa magoti, na kelele zao zikasikika mpaka mapangoni: "Makapi! Makapi!"

Ngao walirudi jua likizama, miguu imejaa tope la kivuko walikokuta majivu tu. Kasambala alipanda kileleni peke yake. Alikiona kihenge kimesimama. Alimwona Lwinga amefungwa jani la dawa pajani, akisimulia kwa mara nyingine. Alimwona binti yake, mweupe kwa vumbi kuanzia unyweleni hadi ukuchani.

"Nani aliwapa amri?" akauliza.

"Hakuna, baba. Hatukuitwa."

Kasambala akatikisa kichwa kidogo, akashuka. Na kijijini, waliotoka mapangoni walipouliza adui alikimbizwa na nani, wakajibiana wenyewe, "Nani tena kama si Ngao?" Wimbo ukatungwa. Kasambala hakuuimba, lakini hakuukataza. Subilaga aliusikia kutoka juu, akaendelea kupepeta, na kila pigo la ungo lilikuwa zito kuliko lililotangulia.

Mvua za kwanza zilipokaribia, ulikuja ujumbe kutoka ng'ambo ya mto. Walikuja na mbuzi mweupe na majembe yasiyo na mipini, ishara ya amani. Aliyewaongoza alikuwa yule mwenye kovu. Mwene akaketi barazani, nchi nzima ikakusanyika isipokuwa makapi, ambao hawakuitwa, na Ngao wakapanga ukuta wao mzuri.

"Mtawala wetu anasema hivi," mwenye kovu akaanza. "Ngao tunawajua na tunawaheshimu. Lakini hatutafunga amani na Ngao. Tutafunga na Makapi. Kwetu sasa mtoto akilia usiku, mama humwambia nyamaza, Makapi wanakuja."

Kicheko kilikaribia kuwatoka watu, kisha kikawakwama kooni, maana mgeni hakuwa akitania. Mwene akamtazama Kasambala. Wazee wakamtazama Kasambala. Mmoja wao akamnong'oneza, "Sema ni ninyi. Nani atajua?"

Mwenye kovu alitembea mbele ya ukuta, akiwatazama mmoja baada ya mwingine. "Watu warefu," akasema. "Watu wazuri. Lakini alinipiga mtu anayeshika mkuki kinyume. Hapa simwoni."

Ilikuwa rahisi kusema alikuwa safarini. Ilikuwa rahisi kusema amekufa. Kasambala alitoka mstarini, akakigeukia Kilele cha Upepo, akavuta pumzi mpaka mbavu zikatanuka. Kisha, kwa sauti ileile aliyowaitia Ngao vitani, aliita:

"Makapi! Njooni! Nchi inawaita!"

Nchi yote ikasikia. Neno lilikuwa lilelile, lakini kinywani mwake liligeuka, kama jiwe linavyogeuka likapata ubavu wa kukalia.

Wakashuka. Walikuja na nyungo zao, wanaochechemea na wafupi, na Lwinga akiwa begani kwa Subilaga kwa sababu ya jeraha lake. Mwenye kovu alipomwona Subilaga aliinamisha kichwa.

"Niambie kitu kimoja," akasema. "Makapi maana yake nini? Kwetu tumeuliza wazee wote, hakuna anayejua."

Mwene akainamisha uso. Nani angemwambia mgeni kwamba jeshi lake lilishindwa na takataka?

Subilaga akachota makapi yaliyobaki kwenye ungo wake, akayaonyesha kiganjani, kiganja cha kushoto.

"Ni haya," alisema. "Punje ikiwa changa shambani, bado maziwa, ndege wanaitaka na jua linaitaka. Ni nani huizunguka mpaka ikomae? Ni kapi. Kila punje uliyowahi kula ilikuwa na kapi lake. Ikishakuwa salama, kapi huondoka. Haliombi kuwekwa ghalani. Ndiyo maana yake."

Mwenye kovu akayatazama kwa muda. "Kumbe ni ngao," akasema taratibu. "Ngao ya kwanza."

Kisha akapiga goti. "Tulikuja kuchukua mbegu. Sasa tunaiomba."

Subilaga hakumtazama Mwene wala baba yake. Aliwatazama makapi wenzake, na mmoja mmoja wakakubali kwa kichwa. Kihenge kikafunguliwa. Wang'ambo waliondoka na mbegu za kutosha mashamba yao, na amani ile haijavunjika mpaka leo.

Watu walipoanza kutawanyika, Kasambala alimwendea binti yake. Alivua shada la manyoya kichwani, akaliweka chini, akapiga magoti pale penye vumbi mbele ya Ngao wake wote.

"Baba, inuka," Subilaga akasema. "Watu wanatazama."

"Ndiyo, wanatazama. Siku ile pia walitazama." Akainua uso. "Sikujua ninalolisema, mwanangu. Niliwaita watu kwa jina ambalo mimi mwenyewe sijalistahili. Nipepete. Nami niwe kapi."

Subilaga alisimama, ungo mkononi, machozi yakimchorea mistari usoni penye vumbi. Kisha akauinua juu ya kichwa cha baba yake na kuupiga, na makapi yakamwangukia Kasambala mabegani. Nyuma yake Ngao mmoja akaweka ngao yake chini akapiga magoti. Kisha mwingine. Kisha ukuta wote.

Tangu hapo Nyelu haina Nyumba ya Ngao. Kijana anapoapa kuilinda nchi, hamwagiwi unga wala maji. Hupepetewa makapi kichwani na kuitwa kapi, na hashiki mkuki mpaka aseme mwenyewe ni mkono upi anaoutaka. Wafupi huwekwa mbele na warefu nyuma, na wa mkono wa kushoto husimama ukingoni, mahali pa hatari na pa heshima.

Na neno lenyewe limetembea mbali kuliko vita. Mtoto anayebaki na mgonjwa wenzake wakienda ngomani huitwa kapi. Ng'ombe jike anayemgeukia chui badala ya kukimbia huitwa kapi. Mama aliyelea watoto wa marehemu dada yake wakakua, siku ya arusi yao huimbiwa kwa jina hilo, na hakuna zawadi inayolizidi. Na mtu wa namna hiyo akifa, Wanyelu hawatoi hotuba kaburini. Mzee mmoja husimama, akasema, "Ameondoka kapi," na hakuna anayeongeza neno la pili.